Gauni la Binzari

Zimwi langu la kwanza lilikuwa zuri mno. Lilikuwa la kijani, lina kitambi kama cha meneja wa shirika la umma, macho makubwa kama sahani za mgahawani, na meno arobaini na nane niliyoyahesabu mwenyewe. Nililipeleka ofisini kwa mhariri nikiwa nimevaa shati langu la kwendea harusi za watu. Nikaliweka mezani, nikarudi nyuma hatua moja ili mama wa watu apate nafasi ya kuzimia.

Mhariri alikuwa mama mwembamba mwenye sauti nene, na alikuwa na kawaida ya kuvua miwani kabla ya kusema jambo baya. Akavua miwani.

"Ndugu mchoraji, hili ni zimwi?"

"Ndiyo, ndugu mhariri."

"Mtoto akiliona hili ataliomba pipi."

Nikamwambia nitaongeza meno. Akasema hataki meno, meno hata daktari anayo. Alichotaka ni mtoto afungue ukurasa, aone rangi tu, kabla hajasoma hata neno moja, ajisogeze ubavuni kwa mama yake. "Na akishajisogeza," akasema, "asikubali kitabu kifungwe. Nenda kaitafute hiyo."

Hadithi yenyewe kila mtu aliyelelewa na bibi anaijua, ingawa kila nyumba ina namna yake. Wasichana wanakwenda kuokota kuni, mmoja anasahau bangili yake kule, anarudi peke yake kuifuata, zimwi linamkamata na kumtia ndani ya ngoma. Halafu linazunguka naye mji hadi mji, linapiga ngoma, na ngoma inalia kwa sauti ya mtoto. Wizara ilitaka vitabu vya watoto vyenye hadithi zetu wenyewe, na mimi nilipewa picha sita. Nilipewa pia vichupa vitatu vya wino: mweusi, wa buluu na mwekundu. Lile zimwi la kijani nililipata kwa kumalizia tone la mwisho la wino wa manjano lililokuwa limebaki stoo, na mhariri alinieleza waziwazi kwamba mwingine hauji, fedha za kigeni hakuna.

Kazi hiyo niliipata kwa mdomo wa mwalimu wangu. Mchana nilikuwa mwandika vibao Kariakoo. Vinyozi, mafundi cherehani na maduka ya ushirika ya mitaa kumi na miwili, wote mkono wangu. Jioni nilikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu, umri miaka ishirini na tisa, nimekalia dawati la watoto wa darasa la pili, magoti yamenigusa masikio. Mwalimu wa sayansi aliona moyo wa binadamu niliouchora kwenye daftari, akasema unapendeza kuliko wake. Ndiye aliyenipeleka kwa mhariri.

Basi nikaenda kuitafuta hiyo hofu. Mtu wa kawaida akitafuta hofu huanzia kwenye giza, nami nikaanzia hapohapo. Nikachora zimwi usiku, porini, hakuna mwezi. Nilimaliza nusu ya chupa ya wino mweusi. Picha ikatoka kama mkaa uliopigwa picha ndani ya gunia. Mhariri akavua miwani tena.

"Hapa sioni kitu, ndugu."

"Ndiyo hofu yenyewe."

"Hofu ya nani? Mimi nisichokiona naweza kukilalia usingizi."

Nikarudi nyumbani na mkaa wangu kwapani.

Nyumbani ni chumba kimoja kati ya sita, nyumba ya Kariakoo ile ya upande wa kuelekea Gerezani, ukumbi katikati, uani jiko, kisima cha zamani kilichofunikwa na bomba lililokuwa likitoa maji kwa hiari yake. Mwenye nyumba alikuwa bibi mmoja, mjane, mtu wa pwani hasa. Sisi wapangaji wote tulimwita Bibi. Macho yake yalikuwa yanafungwa na ukungu mweupe, kila mwaka zaidi kidogo, lakini alijua nani kaingia kwa mlio wa kandambili. Mchele alichambua kwa vidole, jiwe halikumponyoka.

Siku ile alikuwa na ungo mapajani. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Leo unatembea kama mtu aliyefukuzwa kazi."

Nikamweleza. Nikamwekea picha karibu na uso, akaigeuza huku na huku, akanirudishia.

"Hili zimwi linakuja saa ngapi?"

"Usiku, Bibi."

"Nani kakwambia? Usiku watoto wote wamelala, limefuata nini? Zimwi linakuja saa sita mchana. Jua la utosini, watu wamejaa, kila mtu macho wazi. Ndiyo maana watu wanaliogopa." Akaokota jiwe, akalitupa. "Na nyinyi mnafikiri ubaya ni kuliwa. Kuliwa si kitu. Kuliwa kunaisha. Hilo halimli. Linazunguka naye."

Yeye akaendelea kuchambua mchele na kuongea kwa sauti ileile, kama anayehesabu nguo za dobi.

Alikuwa na mtoto wa kike. Mmoja tu, wa miaka sita. Waliingia sokoni, lile soko la zamani kabla ya hili jipya lenye paa la miamvuli ya zege, yeye, mtoto na kaka yake, yaani mjomba wa mtoto. Bibi akasimama kununua nazi. Mtoto alikuwa amekalia gunia la muhogo, karibu kabisa, hata mkono ungemfikia. Ilikuwa saa sita mchana. Alipogeuka, gunia lilikuwepo na lile bonde la makalio ya mtoto lilikuwepo. Akaweka kiganja pale. Palikuwa bado na joto.

"Basi," akasema Bibi. "Hapakuwa na kelele. Hakuna aliyeona. Watu elfu wana macho."

Walitafuta. Polisi walitafuta. Mjomba wa mtoto alitafuta kuliko wote, na hakuacha. Miaka thelathini na kitu, kila mwaka alikuwa na habari mpya. Mtoto ameonekana Tanga, ameolewa. Ameonekana Morogoro, anauza vitumbua. Kuna mwanamke Mtwara, pua yake ndiyo hiyohiyo. Bibi kila mara alifunga safari, na kila mara alirudi na pua ya mtu mwingine. Na kwa kuwa mtoto alikuwa akionekana, hapakuwa na msiba. Bibi hakukaa matanga hata siku moja. Alipotaka angalau asomewe hitima, kaka yake aligoma: huwezi kumsomea mtu aliye hai, ni kumwua. Na kaka ndiye mwanamume wa ukoo. Mlango wa mbele wa nyumba yetu ulikuwa haufungwi kwa komeo kuanzia alfajiri mpaka watu wote walale. Nilikuwa nikidhani ni ukarimu.

"Alikuwaje, Bibi?" nikauliza.

Hapo ndipo mikono yake iliposimama. "Uso umenipotea," akasema. "Wallahi, mjukuu wangu, uso sina. Nina gauni tu. Lilikuwa la manjano. Kitambaa cha marekani nyeupe, nililitia binzari mwenyewe, cha rangi kilikuwa bei. Manjano ndiyo rangi ninayoiona vizuri hata sasa. Nyingine zote zimekuwa moshi."

Nikamwambia manjano sina, yamekwisha stoo.

"Shule yote hiyo jioni," akasema, "hujui manjano yako jikoni?"

Alinitwangia binzari kwa mkono wake. Nikailoweka kwenye spiriti ya jiko, nikaichuja kwa kitambaa mara tatu, nikapata maji ya rangi ambayo mpaka leo sijayaona dukani popote duniani, na nimeona maduka. Ilikuwa manjano iliyokaribia kuwaka. Nyumba nzima ilinuka biriani isiyokuwepo; watoto wa jirani walikuja na sahani.

Nikachora upya. Ukurasa wote niliumwagia binzari nyepesi, kutoka juu mpaka chini, mpaka karatasi ikawa na joto la saa sita. Miti sikuipa giza, niliipa buluu kidogo tu shinani, kwa kuwa saa ile kivuli kinakuwa kimejikunja miguuni. Ngoma nikaiweka katikati, kubwa, na mdomo wake ndiyo sehemu pekee niliyotia wino mweusi safi, duara dogo tu, lakini jicho lilikwenda pale lenyewe. Zimwi nikaliacha nje ya picha. Nilichora kivuli chake tu, cha buluu, kikitokea upande ambao jua halikuweza kukitoa. Nilikosea makusudi. Mtu akitazama hajui kosa liko wapi, anajua tu kwamba kuna jambo.

Na mtoto nilimchora kwa nyuma, kwa kuwa uso hatukuwa nao, mimi wala mama yake. Amesimama mbele ya ngoma, anachungulia ndani kama anayetafuta kitu chake. Gauni nikalipaka binzari nzito, mara nne, likakauka, nikarudia.

Bibi aliishika picha ile puani kabisa. Alikaa nayo hivyo muda ambao ungetosha kupika maharage. Kisha akasema neno moja: "Ndiye."

Tangu siku ile mambo yangu yaliharibika. Bibi alikuja chumbani kila adhuhuri kuitazama picha, nikiwepo nisiwepo. Alisimama, akavuta pumzi, akaondoka. Nami nikapata ugonjwa wangu. Nikiwa juu ya ngazi naandika "Hapa Fundi Saa", jua la utosini, nachungulia chini kwenye umati wa Kariakoo na kuona gauni la manjano, kwa nyuma, linakata kona. Nilishuka ngazi ile mara sita kwa siku. Siku moja nilishuka na brashi mkononi, nikamkimbilia mtoto wa watu mpaka karibu na stesheni, alipogeuka alikuwa hana meno mawili ya mbele, na mama yake yuko nyuma yangu.

"We kaka una nini na mwanangu?"

"Samahani, mama. Nimemfananisha."

"Umemfananisha na nani?"

Kibao cha fundi saa mpaka kesho kutwa kilisomeka "Hapa Fundi Sa".

Sasa, Jumamosi moja sabuni ikaja. Aliyeishi miaka ile anajua uzito wa sentensi hiyo. Ilikuwa sabuni ya mche, imeshushwa duka la ushirika, na foleni ilianzia mlangoni, ikapinda mitaa, ikanusa Buguruni na kurudi. Wanawake wa nyumba yetu walisimama tangu alfajiri, wakarudi na vipande vyao kama waliobeba dhahabu ya taifa, na uani pakageuka bahari ya povu. Kila kilichoweza kufuliwa kilifuliwa. Mimi nilikimbia, nilikwenda kuandika kibao cha kinyozi.

Niliporudi saa nane mchana, mlango wangu ulikuwa wazi, picha iko mezani penye dirisha, na gauni la mtoto lilikuwa na damu.

Naomba nieleweke. Mimi huongeza chumvi, najijua. Hapa siongezi. Palikuwa na alama tano, kubwa kama vidole, mgongoni na kwenye pindo la gauni, nyekundu ya kuiva, inayoelekea kahawia pembeni kama damu ya tangu jana. Kichupa changu cha wino mwekundu kilikuwa juu ya kabati, kimefungwa, kina vumbi. Nilikishika nikakitazama kama kwamba kingejitetea.

Nikapiga kelele. Watu wakaja. Wa kwanza kuingia alikuwa mpangaji wa chumba cha mbele, mama mmoja wa Kilimanjaro mwenye genge la vitunguu na viungo sokoni, Mkristo wa kweli, mtu asiyeogopa kitu zaidi ya kodi. Akafanya ishara ya msalaba. Halafu akainama, akasogeza pua karibu na karatasi, akanusa. Akainua kichwa polepole, akamtazama Bibi aliyekuwa amesimama kizingitini, mikono bado imelowa.

Walitazamana. Nakumbuka nilishangaa kwa nini anamtazama hivyo mtu asiyeona vizuri.

Kisha yule mama akavuta kanga yake ya begani, akajifunika kichwa. "Pole, mama," akasema. "Pole sana. Mtoto amekujulisha."

Wanawake wengine nao walipita mmojammoja, wakachungulia karatasi, wakajifunika. Hakuna aliyeuliza neno. Mmoja akaanza kulia, na kilio kile hakikuwa cha kuigiza. Povu lilikuwa bado linampasuka viwikoni. Bibi akakaa chini palepale mlangoni.

"Kamwiteni kaka yangu," akasema.

Mzee alifika kutoka Buguruni kabla ya alasiri, na kofia yake mkononi. Alikuwa mzee mrefu, mkakamavu, mtu wa kutoa amri. Nilimwonyesha picha. Aliishika kwa mikono miwili.

"Gauni hili nani kakueleza?"

"Bibi, mzee."

"Na hii?"

"Hii imekuja yenyewe."

Akakaa kitandani kwangu bila kuambiwa. Aliyatazama yale mekundu, na nilichokisikia baadaye sikukitegemea kwa mtu mzima kama yule.

"Nilimwachia kidogo tu," akasema. Hakuwa akiniambia mimi. "Palikuwa na mtu anacheza karata tatu. Dada alinambia nikae naye. Nikamwambia mtoto kaa hapa, nachungulia mara moja. Dada, nilichungulia tu."

Bibi alikuwa amekaa sakafuni, uso ameelekeza kwenye sauti. "Najua," akasema.

"Hujui. Sijawahi kukwambia."

"Miaka yote unanipeleka Tanga, unanipeleka Mtwara. Mtu asiye na deni hatafuti hivyo. Sasa nisaidie, kaka yangu. Nimechoka kumsikiliza. Akasomewe."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Halafu akakumbuka dada yake haoni vizuri, akasema, "Asomewe." Ikapangwa Ijumaa.

Kuanzia hapo mpaka Jumatatu mimi nililala ubavu mmoja tu, ule ulioelekea ukuta. Picha niliigeuza kifudifudi, na bado niliisikia. Nilikuwa nimemleta mtoto wa watu kwa brashi yangu, na amekuja amelowa damu. Nilikula kiapo kwamba nikinusurika nitachora ndizi na mananasi tu maisha yangu yote.

Jumatatu jioni, darasani, mwalimu wa sayansi akasema leo tunajifunza tindikali na magadi. Karatasi za kupimia hatuna, akasema, zimeagizwa tangu mwaka juzi. Basi akachukua vipande vya karatasi alivyovitia rangi ya binzari nyumbani kwake. Akachovya kimoja kwenye ndimu: kikabaki manjano. Akachovya kingine kwenye maji ya sabuni.

Kikawa chekundu. Nyekundu ileile, na pembeni kahawia.

Watu thelathini walisema "Ooo!" Mimi nilisimama na dawati likasimama nami, kwa kuwa magoti yalikuwa yamekwama. Mwalimu akaniuliza kama nina swali. Nikamwambia sina, nina jibu, na nikatoka.

Lakini njiani hatua zilipungua. Ningemwambia nini? Kwamba mtoto hakusema kitu? Kwamba ile habari aliyoingoja miaka thelathini na kitu ni sabuni ya mche? Hitima Ijumaa, mchele umeshanunuliwa, mzee ameshaanza kulia mbele za watu. Nikisema, mzee atafuta machozi na keshokutwa ataleta habari za mwanamke wa Singida. Nikinyamaza, nitakuwa nimemzika mtoto wa Bibi kwa uongo wa jikoni. Nilizunguka soko jipya mara mbili. Mara ya tatu nikajikuta nainama kuchungulia chini ya meza tupu za wauza mboga, na hapo nikajua lazima nimwambie yeye, afanye atakavyo.

Nilimkuta uani amekaa peke yake, analoweka maharage kwa ajili ya kesho.

"Bibi. Ile picha. Si damu."

"Enhe."

"Ni binzari na sabuni. Mwalimu katuonyesha leo. Binzari ikikutana na sabuni inageuka nyekundu, ni sayansi, Bibi, kuna tindikali na kuna—"

"Mjukuu wangu," akasema, "mimi nimepika na kufua miaka hamsini. Nguo ngapi zenye mchuzi zimepita mikono hii? Unadhani sijui binzari ikikutana na sabuni inafanya nini?"

Nikakaa chini.

"Mtoto wa darasa la tatu anayemsaidia mama yake kufua anajua," akaendelea. "Mnaokwenda kusomea hayo ni nyinyi wanaume." Sauti yake ilikuwa na kicheko kidogo, halafu hakikuwepo. "Kidole cha kwanza kiliponyoka. Nilitaka kumshika tu, nilisahau povu. Nikaona pamekuwa giza pale kwenye manjano, nikajua ni nini. Vile vinne nilivitia mwenyewe."

"Na wale kina mama wote?"

"Wanapika. Wanafua."

"Mzee je?"

"Kaka yangu?" Aliyasogeza maharage kwa kiganja. "Yule hajawahi kushika kata wala dodoki. Nilihitaji kitu atakachokiamini. Maneno yangu hakuyaamini miaka yote. Na wewe nisamehe, nilikuona ulivyogeuka rangi, nikasema nitakwambia, halafu nikafikiri, huyu akijua, uso wake utasema." Akafunika sufuria. "Mtoto amekufa. Nilijua jioni ileile, nilipoona kiganja changu kimepoa. Lakini huwezi kulia peke yako mtu ambaye wenzako wanasema yu hai. Utaonekana mchawi."

Kesho yake nilipeleka picha zote sita kwa mhariri. Ile ya gauni nilitaka kuichora upya, Bibi akakataa, akasema ichukue, mimi nimemaliza kuitazama. Mhariri aliziangalia tano haraka. Ya sita aliishika. Miwani hakuvua.

"Mwanga wote huu," akasema taratibu, "na mimi nasikia baridi. Hivi vyekundu umevitoa wapi?"

"Jikoni, ndugu mhariri."

Aliigeuza kifudifudi mezani kabla ya kunipa mkono. Kitabu kilikaa sana kiwandani, na kilipotoka kilikuwa cha wino wa buluu na mweusi tu. Mtoto alikuwa amevaa gauni jeupe. Nakala niliyonayo watoto wangu hawakuiogopa hata mmoja. Picha yenyewe sijui iko kwenye kabati la nani, na binzari haivumilii mwanga. Nadhani sasa pale mbele ya ngoma hapana mtu, zimebaki alama tano.

Ijumaa baada ya sala nyumba ilijaa. Wanaume ukumbini na barazani, wanawake uani na masufuria. Bibi alikaa mlango wa mbele, katikati ya ukumbi na baraza, na hakuna aliyethubutu kumhamisha. Shehe akaomba aandikiwe jina la marehemu, na kwa kuwa mwandiko wangu ni maarufu mtaa mzima, nikapewa kalamu. Nikainama kwa Bibi. Akaninong'oneza sikioni. Mpaka saa ile nilikuwa sijawahi kulisikia. Lilikuwa jina la kawaida tu, la watoto wa mtaa; sitaliandika hapa. Nililiandika kwa herufi nzuri kuliko kibao chochote.

Visomo vilipokwisha, shehe akainua karatasi. Alikuwa na sauti ya kuvuka bandari. Akalitaja jina.

"Abee!" ikaitika sauti kutoka uani.

Mzee wa Buguruni alishika ukuta. Kutoka uani, akipenya kati ya wanawake, akatokea mtoto wa kike wa nyumba ya tatu, aliyekuwa akisaidia kuosha sahani, mikono inachuruzika maji, anatazama huku na huku nani kamwita na anatumwa nini.

"Hujaitwa wewe, rudi," mtu mmoja akamnong'oneza kwa ukali.

"Mwacheni," akasema Bibi. "Kaitika." Akajisogeza, akapapasa mkeka ubavuni mwake. "Njoo ukae hapa, mama. Utakula na mimi."

Mtoto akasita, kwa kuwa ukumbi wote ulikuwa miguu ya wanaume. Mzee wa Buguruni ndiye aliyeinuka. Akamshika mkono, akamvusha watu mmoja mmoja mpaka mlangoni, akakaa naye hapohapo chini, nje ya mstari wa wanaume. Shehe akangoja, kisha akaendelea na dua. Sahani ya pilau ilipofika, mtoto alivuta mkono wake ili anawe. Mzee hakuuachia mara moja.